Anayeogopwa siye anayeambukiza

Mtu akianguka kifafa gulioni, iwe Mbalizi au kijijini Iringa, watu humzunguka mara moja, lakini kwa mbali. Wanaomfahamu humwita jina. Mwingine hukataza kwa sauti: msimguse, povu hilo litawapata. Inaaminika kwamba ugonjwa huu huhama kwa mate, kwa jasho, hata kwa hewa inayomtoka mgonjwa akiwa chini, na imani hiyo humwacha mwenyewe peke yake katika zile dakika mbili tatu anapohitaji mkono wa mwenzake kuliko wakati mwingine wowote. Akiangukia jikoni, huungua huku watu wanatazama.

Imani hiyo ni ya uongo, na inaua. Kifafa hakiambukizwi kwa povu. Povu ni mate ya kawaida, yamejaa hewa kwa sababu mgonjwa hawezi kumeza na pumzi inapita kwa shida. Likionekana jekundu, basi ameng'ata ulimi. Hakuna mdudu anayesafiri ndani yake kwenda kumtia mtu mwingine kifafa, na aliyemfuta mgonjwa mdomo kwa kanga yake hajajitia hatarini.

Dkt. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, ng'ambo ya bonde la Kilombero, mwaka 1960. Alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto, waliotengwa na jamii zao kwa hofu ya kuambukizwa. Zaidi ya miaka 60 imepita, na hofu hiyo bado inaishi. Wapo hata wanaoshikilia kwamba mgonjwa akishaungua hatibiki tena, kwa hiyo kovu lenyewe huwa sababu ya kumnyima dawa. Ni ukatili, hata kama wanaoutenda hawaukusudii.

Jambo la kuumiza zaidi ni kwamba katika Nyanda za Juu Kusini kweli kuna maambukizi nyuma ya kifafa cha watu wengi. Ila hayatoki kwa mgonjwa anayeanguka. Mara nyingi hutoka kwa mtu mzima wa afya, anayekula, anayelima, anayecheka na wenzake, na ambaye hajui kwamba tumboni mwake anaishi tegu wa nguruwe.

Mtu humpata tegu huyu kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri yenye vifuko vya mtoto wa tegu. Utumbo ukishampokea, hukua hadi mita kadhaa na anaweza kukaa humo miaka bila kumsumbua mwenye mwili. Kazi yake ni kuangusha vipande vyenye maelfu ya mayai, ambayo hutoka na kinyesi. Nguruwe aliyeachiwa akila kinyesi hicho, vifuko huota katika misuli yake, na mzunguko umekamilika. Lakini mayai hayo hayachagui. Yakibaki kwenye vidole vya mtu asiyenawa akitoka chooni, kisha yakaingia kwenye ugali, kachumbari au maji ya kunywa, humfanyia binadamu kile kile yanachomfanyia nguruwe. Mtoto wa tegu huanguliwa, hupenya ukuta wa utumbo, husafiri kwa damu na kutulia kwenye misuli, kwenye jicho au kwenye ubongo.

Akitulia ubongoni anaweza kukaa kimya kwa miaka. Mara nyingi kishindo huja anapoanza kufa: kinga ya mwili humshambulia, ubongo unaomzunguka huvimba, na kijana ambaye hajawahi kuugua huanguka ghafla shambani. Hapo ndipo uchawi unapopata mlango. Ugomvi wa mpaka wa shamba msimu uliopita unakumbukwa, jirani au shangazi mzee anatajwa, na familia inauza mbuzi kumlipa mganga. Mlo ulioleta mayai ulishasahaulika zamani, na muda huo mrefu kati ya kula na kuanguka umewafanya watu wema wengi wahukumu jirani zao bila kosa.

Ushahidi upo, na ni wa nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima watu 830 katika vijiji 13 vya Mbozi, wilaya iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya kabla Songwe haijawa mkoa mwaka 2016. Zaidi ya asilimia 16 walikutwa na dalili katika damu kwamba wana vifuko vya tegu mwilini. Mwaka huo huo watafiti walionyesha kwamba Mbozi na Mbeya Vijijini, karibu nguruwe mmoja kati ya kila watatu alikutwa na maambukizi kwa kipimo cha damu. Nguruwe wenye vifuko wamekutwa Iringa Vijijini pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mahali ambapo tegu huyu amezoea, anahusika na takribani asilimia 30 ya kifafa.

Wafanyabiashara wa nguruwe wanamjua adui huyu kuliko majirani wa mgonjwa. Mnunuzi akifika kijijini, humlaza nguruwe ubavu, mwenzake akamkandamiza shingo, mti ukapitishwa kinywani kuachanisha taya. Ulimi huvutwa kwa kitambaa usiteleze, kisha vidole huupapasa chini, polepole, vikitafuta vinundu kama punje za mchele. Vikikutwa, bei huanguka au biashara hufa. Kipimo hicho hukosea mara nyingi, kwa kuwa nguruwe mwenye vifuko vichache hupita akiwa safi ulimini. Na yule aliyekataliwa, je, anakwenda wapi? Mara nyingi huchinjwa kimyakimya, bila mkaguzi wa nyama, na kuliwa pale pale kijijini. Hapo ndipo pa kuogopa.

Wengine watasema hili ni tatizo la wala kitimoto. Wamekosea. Kula nguruwe mbichi humpa mtu tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongoni huletwa na mayai, na mayai hutoka kwa binadamu. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu wanne wa jamii ya Wayahudi wa Orthodox mjini New York, wasiogusa nguruwe kwa amri ya dini, waliokutwa na vifuko hivyo ubongoni. Chanzo kilichoshukiwa kilikuwa wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi za Amerika ya Kilatini, ambako tegu ni wa kawaida. Mwislamu wa Mwanjelwa au Msabato wa Ipogolo anayekula kwa mama lishe yuko katika hatari hiyo hiyo kama aliyepika hakunawa mikono.

Kwa hiyo hofu ielekezwe chooni na bandani. Kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 ilizifanya kaya nyingi zichimbe vyoo, na Nyumba ni Choo imeendeleza kazi hiyo. Lakini choo kilicho nyuma ya nyumba hakimsaidii mkulima aliye kilomita mbili shambani, wala mtoto anayeogopa shimo lenye giza. Na katika vijiji vingi nguruwe hufungiwa wakati mahindi yako shambani, kisha huachiwa mavuno yakiisha. Wanafungwa ili wasile mahindi. Afya ya watu haijawahi kuwa sababu, na inapaswa kuwa.

Dawa zipo pande zote. Nguruwe hutibiwa kwa dozi moja ya oksifendazoli, na chanjo ya TSOL18 imejaribiwa pamoja nayo kwa mafanikio katika vijiji vya Tanzania, matokeo yakichapishwa mwaka 2020. Tegu wa tumboni humalizwa kwa prazikwanteli, dawa ile ile wanayopewa wanafunzi kwa ajili ya kichocho. Ila mtu mwenye kifafa asikimbilie duka la dawa kununua albendazoli: kuua vifuko vya ubongoni bila picha ya CT scan na bila dawa za kuzuia uvimbe kunaweza kumdhuru vibaya. Anachohitaji kwanza ni dawa ya kuzuia kuanguka, kama fenobabitoni, ambayo ni ya bei nafuu, na ainywe kila siku bila kukatiza. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo.

Kinachokosekana ni watu wa afya na wa mifugo kufanya kazi hii kwa pamoja. Bwana mifugo anayekuta nguruwe mwenye vifuko hana desturi ya kumpigia simu mganga wa zahanati, na mganga anayempokea kijana anayeanguka haulizi kama nguruwe wa kijiji wanafugwa ndani. Dawati la Afya Moja lililo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu liliwekwa kwa ajili ya magonjwa kama haya. Halmashauri za Mbeya, Songwe na Iringa zilitumie: kila nguruwe mwenye vifuko amaanishe familia moja kupimwa na kutibiwa tegu, na kila mgonjwa mpya wa kifafa amaanishe kaya moja kutembelewa.

Shule hazina haja ya kusubiri bajeti. Mtoto akianguka darasani, mwalimu aondoe madawati yaliyo karibu, amwekee sweta chini ya kichwa, na mtikisiko ukipungua amlaze ubavu ili mate yatoke. Asimtie kijiko mdomoni wala asimkandamize. Aangalie saa; dakika tano zikipita bila mtoto kutulia, apelekwe kituo cha afya. Akizinduka apumzike, kisha aendelee na masomo pamoja na wenzake, na mwalimu awaeleze wanafunzi wote, siku hiyo hiyo, kwamba aliyemshika mwenzao hakupata ugonjwa wowote.