Paka Aliyenona si Paka Mwenye Afya

Katika Kiswahili, mtu hunenepa na mnyama hunona. Wazungumzaji wengi huyachanganya maneno haya mawili, nami sina nia ya kuwatoza faini. Hata hivyo tofauti hiyo ina maana yake. Mnyama aliyenona ni yule ambaye nyama yake imejaa shahamu: ng'ombe wa arusi, mbuzi wa Idi, kuku wa mgeni. Neno hilo ni sifa, na anayeitoa sifa hiyo ni mwenye kisu. Ndiyo sababu hustaajabu nisikiapo paka akisifiwa kwa neno lilo hilo, ilhali hapana hata mmoja wetu anayenuia kumla paka.

Katika miji yetu, hasa kwenye nyumba za ghorofa, amezuka paka ambaye wazee wetu hawakumzoea: hatoki nje, hawindi, amehasiwa, na sahani yake haikauki. Jirani yangu, mwalimu mwenzangu, anaye mmoja wa namna hiyo. Nilipomtajia kwamba mnyama wake ashindwa kurukia hata kiti, alinijibu kwa fahari, "Hiyo ni afya, daktari!" Naam, neno 'afya' nalo limekwisha kuajiriwa kuuficha unene. Binadamu wenyewe huambiana 'siku hizi una afya', na aliyeambiwa hutabasamu. Basi lugha ikishaugeuza ugonjwa kuwa sifa, nani atakwenda kwa tabibu kuishtaki sifa?

Paka mzima wa nyumbani kwa kawaida huwa na uzani wa kilo 3.5 hadi 5, kutegemea jinsia na umbo lake. Akiuzidi uzani unaomfaa kwa asilimia 20, madaktari humhesabu kuwa amenenepa kupita kiasi. Yaani paka anayestahili kilo 4.5 akifika 5.4, tayari yumo taabani. Tarakimu hizi huonekana ndogo kwa kuwa sisi ni wakubwa. Kwa mtu wa kilo 70, huo ni mzigo wa kilo 14 usiotuliwa mchana wala usiku.

Mzigo huo huumiza viungo, na paka hajui kulia kwa maumivu ya goti. Yeye hulala tu, nasi twasema ni mvivu. Hashindwi kuruka peke yake, bali hata kujiramba mgongo, manyoya yakafumana na ngozi ikaota vidonda. Kisha huja kisukari. Mwili wenye mafuta mengi huacha kuitikia insulini ipasavyo, na paka huanza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mno, na hatimaye kukonda ilhali bado ala kwa pupa. La kutia moyo ni kwamba paka wa kisukari akitibiwa mapema kwa insulini na kubadilishiwa chakula, aweza kufikia hali ya kutohitaji tena sindano.

Chanzo cha balaa ni nini? Paka wetu ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mla nyama halisi, ambaye hula windo dogo mara nyingi kwa siku. Tumbo lake halikuumbiwa ugali. Hata hivyo tazama jikoni mwa shule zetu za bweni, ambako paka hufugwa ili alinde ghala dhidi ya panya: wanafunzi humtupia mabaki ya ugali, wali na mkate, naye panya amwinde wa nini? Nyumbani nako kuna maziwa. Paka aliyehasiwa na asiyetoka nje hutosheka na kalori 200 hadi 250 hivi kwa siku. Kikombe kimoja cha maziwa cha mililita 200 kina kalori zipatazo 125, yaani nusu ya posho yake, na twakiita kinywaji! Isitoshe, paka wengi waliokwisha kuacha kunyonya hawawezi kuyasaga maziwa hayo vyema tumboni. Kinywaji cha paka ni maji.

Najua yuko msomaji anayekaribia kulitupa gazeti hili. Atasema, katika nchi yenye watoto wanaolala na njaa, mhadhiri mzima aandika juu ya kitambi cha paka! Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini dawa ninayoinadi haiuzwi dukani. Ni kupunguza tunachokitoa, na kipunguzwacho hubaki mfukoni. Aidha, paka wa vichochoro vya Lamu hujitafutia riziki yake gatini na sokoni, akapata au akakosa. Huyu wa ghorofani hana mlango wa kutokea. Kila tonge lililomnenepesha limepitia mkononi mwa mtu.

Njia ya kumchunguza ni rahisi, na mwalimu wa sayansi aweza kuifanya somo. Pitisha vidole juu ya mbavu za paka bila kukandamiza. Ukizihisi kama uhisivyo mifupa ya mgongo wa mkono wako, yu sawa. Zikiwa kama viungo vya ngumi iliyokunjwa, amekonda. Ikiwa huhisi ila minofu kama ya kiganja, amezidi. Uzani nao wapimika kwa mizani ya watu: panda ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe.

Hapa ndipo nawaomba wenye pupa ya kutenda mema watulie. Paka mnene hapunguzwi kwa kunyimwa chakula. Akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili humiminika kwenye ini hadi likashindwa kazi, macho na ufizi vikageuka manjano, na asipotibiwa hufa. Apungue asilimia 1 hivi ya uzani wake kwa wiki. Mwenye kilo 7 apoteze gramu 70 wiki ya kwanza, na kumfikisha kilo 5 kutachukua miezi minane au hivyo. Posho ya siku ipimwe, igawanywe mara tatu au nne, iwe ya nyama au samaki zaidi kuliko nafaka, na paka achezeshwe kwa uzi dakika chache kila jioni.

Kiasi cha posho hiyo apange daktari wa mifugo. Wapo wanaodhani kwamba 'mifugo' ni ng'ombe na mbuzi tu. Neno latokana na kufuga, na paka hufugwa. Hata katika kitivo cha tiba ya mifugo kule Kabete, magonjwa ya paka hufundishwa. Na paka mnene akisusa chakula kwa siku nzima, iwe ni kwa sababu ya posho mpya au nyingineyo, apelekwe kwa daktari siku iyo hiyo, wala isingojwe ya pili.