Msomaji wa Habari si Nabii

Kila tunapokutana kuzungumzia lugha na utangazaji, hakosekani mtu wa kulitaja jina la Walter Cronkite, na hulitaja kama litajwavyo jina la walii. Vijana wetu wasomao taarifa za habari katika televisheni huambiwa kwamba alikuwapo Mmarekani mmoja, akakaa mezani jioni moja, akasema neno, na vita vya Vietnam vikasita. Nanyi kuweni hivyo! Mimi nasema mawaidha haya ni mabaya, na hadithi iliyoyabeba si ya kweli.

Cronkite alizaliwa mwaka 1916 katika mji wa St. Joseph, jimbo la Missouri. Mwaka 1935 aliacha masomo ya chuo kikuu huko Texas kabla ya kuhitimu, akaenda kutafuta habari. (Mimi niliyejifunza tarjumi kwa kamusi zilizochanika naomba niruhusiwe kulipenda jambo hili.) Shule yake hasa ilikuwa shirika la habari la United Press, alilolitumikia katika Vita vya Pili vya Dunia. Kazi ya namna ile humfunza mtu kuwahi bila ya kukosea, kwani anayekosea hana pa kujificha. Neno lake limekwisha kupigwa chapa katika miji asiyowahi kuiona. CBS ilimchukua mwaka 1950. Aprili 1962 alikabidhiwa taarifa ya habari ya jioni, ambayo wakati huo ilikuwa ya dakika 15 tu. Septemba 1963 ikawa ya nusu saa, naye akaisoma hadi Machi 1981. Alifariki mwaka 2009.

Anayetaka kumjua na amtazame siku ya Novemba 22, 1963, kwani picha zake zingalipo. Rais Kennedy amepigwa risasi mjini Dallas. Minong'ono ya kifo imekwisha kuenea, na baadhi yake imetoka kwa watu wa CBS wenyewe. Cronkite haifichi, lakini kila anapoitaja hueleza imetoka wapi na kwamba haijathibitishwa. Kisha analetewa karatasi. Anavaa miwani, anasoma kwamba Rais amefariki saa saba mchana kwa saa za Dallas, anaivua, anaitazama saa ya ukutani, na kusema ni dakika 38 zilizopita. Sauti yamkwama. Anameza mate, anairejesha miwani, anaendelea na kazi. Watu wote hukumbuka miwani. Mimi nakumbuka kwamba hata katika sentensi ile, nchi nzima ikiwa imeshika pumzi, alitanguliza maneno kwamba habari hiyo yaelekea kuwa rasmi. Yaelekea! Nionyesheni leo msomaji wetu mmoja mwenye ujasiri wa kulitamka neno dogo kama hilo katika saa kubwa kama ile.

Sasa hiyo Vietnam. Baada ya mashambulizi ya Tet yaliyoanza mwishoni mwa Januari 1968, Cronkite alikwenda kujionea, na Februari 27 CBS ikaonyesha kipindi chake maalumu. Mwishoni alisema kwamba vita vimekwama, na kwamba njia ya busara ni mazungumzo. Yasimuliwa kwamba Rais Johnson alikuwa akitazama, akasema papo hapo kuwa akishampoteza Cronkite basi amekwisha kuwapoteza Wamarekani wa kawaida. Lakini usiku ule Johnson alikuwa Texas, kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya gavana Connally, wala hakuwa mbele ya televisheni. Tena kura za maoni za Gallup za Oktoba 1967, miezi minne kabla, zilikuwa zimeonyesha kwamba asilimia 47 ya Wamarekani waliona kuvipeleka vikosi Vietnam kulikuwa kosa, wakiwazidi wale waliokataa. Umma ulimtangulia msomaji wa habari. Na vita havikusita; majeshi ya Marekani yaliondoka mwaka 1973, na Saigon ikaanguka mwaka 1975.

Hata lile jina la mtu anayeaminiwa kuliko wote Marekani lilitokana na kura ya maoni ya mwaka 1972 iliyompanga pamoja na wanasiasa. Katika orodha kama ile, hata muuza kahawa wetu wa Darajani angeshinda.

Basi je, alikuwa bure? La hasha. Usiku ule wa Februari alitangaza waziwazi kwamba anayoyasema ni maoni yake, akayatenga na habari, kisha akarudi katika kazi yake ya kila jioni. Wanaomwiga wamechukua ule usiku mmoja na kuziacha zile jioni za miaka 19. Mbele yetu hukaa kijana aliyepambwa, akatukunjia uso habari asizozipenda na kutuchekea zile azipendazo, halafu huambiwa kwamba huko ndiko kuwa Cronkite.

Nami sitamsifu kwa kila kitu. Alikuwa na desturi ya kufunga taarifa yake kwa kusema kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyo. Mkuu wake wa habari, Richard Salant, aliichukia kauli ile, na mimi nasimama upande wake. Nusu saa haiwezi kudai hivyo. Masheikh wetu, kwa elimu yao yote, walimaliza jawabu kwa kuandika Wallahu aalam.

Sisi wa pwani tunayo maneno ya kutuongoza. Atungaye ni mtunzi. Aghaniye ni mghani. Mghani mwenye sauti husifiwa, bali hakuna adhaniaye kwamba shairi ni lake, na akibadilisha neno, ukumbi mzima humgeukia. Kwa msomaji wa habari ukumbi umenyamaza.

Miaka mingi nyuma nilikuwa nikifasiri habari kwa malipo ya kutwa katika kituo kimoja. Jioni moja ililetwa habari ya jahazi lililochelewa. Niliandika kwamba halijaonekana na yahofiwa limezama. Msomaji, mwenye sauti ya kupendeza kwelikweli, aliona "yahofiwa" linalegeza sentensi. Akasoma kwamba limezama. Nyumba mbili ninazozijua ziliweka matanga usiku ule. Siku ya tatu jahazi likaingia bandarini na tanga lililopasuka na watu wake wote. Msomaji hakuulizwa kitu. Mimi ndimi niliyeitwa ofisini, nikaambiwa Kiswahili changu ni kizito.

Kwa hiyo nawataka wakuu wa vituo vyetu wafanye jambo moja lisilogharimu hata shilingi. Jina la aliyeifasiri habari na lionekane kiooni pamoja na la anayeisoma, na wawili hao wakae pamoja japo robo saa kabla ya taarifa, wapitie kila "yasemekana" na kila "yahofiwa". Na neno litakaloondolewa, aliyeliondoa atie saini yake pembeni.