Njia kwanza, hoteli baadaye

Na Mwende Musyoki

Jumamosi alfajiri, matatu za kukodi hushuka Barabara ya Mombasa zikiwa zimejaa vijana wa Nairobi waliovaa viatu vizito na kubeba mabegi mgongoni. Zamani safari za namna hii zilikuwa za Ngong na Longonot. Siku hizi baadhi yao hukata kona Salama wakapanda vilima vya Kilungu hadi Nunguni, au hupinda Emali kuelekea Matiliku, chini ya mlima Nzaui. Wengine hupitiliza hadi Kibwezi, wakitafuta ruhusa ya kupanda Chyulu. Na ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, kuna wanaokwea ngazi za chuma za jiwe la Nzambani wakitaniana kuhusu ile hadithi kwamba anayelizunguka mara saba hugeuka, mume akawa mke na mke akawa mume.

Waje. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila kila linapozuka suala la utalii wa Ukambani, wakubwa huanza na hoteli, lango la kifahari na mahali pa kupigia picha. Sijasikia anayeanza na kijia chenyewe. Nami nashikilia kwamba kijia ndicho mali, na kwamba tusipokiandika leo kwenye ramani, kesho hoteli itakuwa imejengwa na pa kutembea hapapo.

Tuhesabu kwanza tulicho nacho. Sisi hatuna bahari, lakini majabali tunayo. Uwanda wa Yatta ni mtiririko wa volkeno wa takriban kilomita 300, mmoja wa mirefu zaidi duniani. Uji wa moto ulijaa bonde la mto wa kale, ukaganda ukawa mwamba mgumu. Ardhi laini ya kando ikamomonyoka kwa mamilioni ya miaka, na kilichokuwa sakafu ya bonde kikabaki juu, kimesimama kama ukuta kando ya mto Athi. Ukiwa juu ya ukingo wake jioni, unaona Makueni yote ikishuka na kupanda hadi Chyulu. Chyulu yenyewe ni milima michanga kwa hesabu za wanajiolojia, kwani ililipuka mara ya mwisho katika karne ya 19. Mvua inayonyesha kule juu huzama kwenye miamba yake na kuibukia chemchemi za Mzima, ambako bomba huipeleka hadi Mombasa.

Kisha kuna Nzaui, ambako masimulizi ya Wakamba yanasema Mulungu aliwatoa watu wa kwanza, na nyayo zao zikabaki kwenye mwamba. Kuna Mbooni, kitovu cha makazi ya kale ya Wakamba, iliyochongwa matuta ya fanya juu kutoka bondeni hadi karibu na kilele. Matuta hayo hayakuletwa na tingatinga. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, ndivyo vilivyochimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, shamba baada ya shamba. Mtu atokaye Tawa kwa miguu kwenda Kikima anapita katikati ya kazi ya vizazi, na hakuna hoteli inayoweza kumuuzia mandhari hayo.

Sifa ya nchi hii ililetwa na miguu. Mnamo Desemba 3, 1849, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa mgeni wa Kivoi wa Mwendwa huko Kitui, aliona vilele viwili vya Mlima Kenya vikiwa na theluji. Wasomi wa Ulaya walibishana naye kwa miaka mingi. Lakini Krapf hakugundua njia yoyote. Alifuata njia za misafara ya Wakamba waliokuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani, na Kivoi alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa misafara hiyo. Njia zilikuwepo kabla ya hati za mashamba, kabla ya kaunti, na hata kabla ya nchi yenyewe kuitwa Kenya.

Na ndizo zinazopotea. Ardhi ilipopimwa na kugawanywa, barabara za magari zilichorwa. Vijia vingi vya miguu viliachiwa hisani ya majirani. Hisani hiyo ilidumu mradi jirani alikuwa jirani. Shamba likiuzwa kwa mtu wa mbali, kitu cha kwanza kufika ni nguzo na seng'enge. Chini ya kilima kimoja huko Makueni, ambacho sitakitaja, nimeona kijia kilichokwisha kuwa mfereji kwa kukanyagwa, kikaishia ghafla kwenye waya nne zilizokazwa na lango lenye kufuli. Upande wa pili kijia kinaendelea kama kawaida, kikielekea mtoni. Nyanya mmoja alikuwa akizunguka ua na punda wake mwenye mitungi minne ya lita ishirini, kupitia miiba na makatani. Nilipomsikitikia, alinijibu kwamba yeye anaelewa mambo ya hati, ila punda hajasoma.

Nyanya huyo hakuja kupiga picha. Kijia kile kilikuwa chake cha kwenda majini, na cha wajukuu wake kwenda shule. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba kulinda njia ni kuwapendelea watalii. Mtembezi wa Jumamosi anapita kwenye njia ya kazi ya watu. Ukiifungia kazi, umeifungia pia starehe.

Kwingineko walishaliona hili. Kusini-magharibi mwa Uingereza kuna njia ya miguu inayofuata majabali ya bahari kwa zaidi ya kilomita 1,000. Ilianza kama njia ya kazi, ya walinzi wa pwani waliozunguka kila ghuba wakiwasaka wafanya magendo. Leo vijiji vya wavuvi vinauza chai, chakula na vitanda kwa watembezi. Kilichosaidia ni sheria ya mwaka 1949, iliyozitaka kaunti za Uingereza na Wales zichore ramani za njia za umma. Njia ikishaingia kwenye ramani ile, haifi kwa sababu shamba limeuzwa.

Sisi nasi hatuna kisingizio cha kukosa sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatambua haki ya njia ya umma, na inairuhusu serikali ya kaunti, chama au hata kikundi cha watu kuiomba kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Makueni ilithubutu mwaka 2015 kutunga sheria yake ya kulinda mchanga wa mito, wakati malori yalikuwa yakiusomba usiku kucha. Kaunti iliyoweza kupigania mchanga haishindwi na kijia.

Wenye mashamba wana malalamiko ya haki, na siyapuuzi. Mtembezi akiacha lango wazi, mbuzi wanaingia kwenye pojo. Msimu wa maembe, kundi la watu ishirini likichuma moja moja tu, mti mzima umekwisha. Hakuna anayedai kila mtu apite popote apendapo. Ninachodai ni njia zinazojulikana, zenye alama na vivuko vya kuvukia ua, na mwenye shamba asikilizwe na alipwe fidia anapostahili. Njia iliyoandikwa humlinda hata yeye, maana atakayeonekana nje yake hatakuwa na la kujitetea.

Watembezi nao wana deni. Huko Mutomo na kwingineko Kitui Kusini, majabali mengi yamejengewa kuta chini yake ili kukinga mvua. Jiwe lile ni paa la nyumba, na maji yanayoteremka juu yake yanaishia kwenye mtungi wa mtu. Anayekwea na kujisaidia juu huko, au kuacha nepi na chupa za plastiki, amechafua kisima cha kijiji. Vilele vingine vina mathembo, mahali pa matambiko ya wazee. Mahali hapo pana wenyewe, hata kama hapana ua wala mlinzi. Kabla ya kupanda, uliza. Na anayefaa kuulizwa ni kijana wa pale pale, anayejua njia na mwiko wake, na ambaye anapaswa kulipwa kwa ujuzi huo. Leo gari linatoka Nairobi na maji, chakula na kiongozi wake, linarudi jioni, na kijiji kinabaki na vumbi na maganda ya ndizi. Muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa, wa mama wa sokoni Matiliku haujui kama kulikuwa na wageni.

Mipango ya maendeleo ya kaunti, ya 2023 hadi 2027, inaelekea ukingoni, na mingine itaandikwa. Makueni inasifika nchini kwa vikao vya kukusanya maoni kuanzia kijijini, na Kitui inavyo vyake. Kwenye vikao hivyo watu huomba barabara, zahanati na umeme, na ni sawa. Safari hii waombe pia orodha ya vijia vya kila wadi: kinapoanzia, kinapoishia, na mashamba kinayopita. Kazi hiyo inahitaji wazee watatu wanaokumbuka, kijana mmoja mwenye simu ya kunasa ramani, na karani wa kuandika. Ni gharama ndogo mno kuliko lango la kifahari. Mwakilishi wa wadi atakayewaambia hakuna bajeti ya kijia, mwulizeni alifika vipi shuleni alipokuwa mtoto.