KONA YA MAZINGIRA: Mti wetu ulikauka kuanzia juu



Mwezi huu tunazungumza juu ya ule mjakaranda ulioko mbele ya shule, ambao maua yake ya zambarau watoto wanayaokota kila mwaka. Chini yake ndipo darasa la kwanza linasomea, maana vyumba havitoshi. Tuliporudi likizo tulikuta tawi kubwa la upande wa bomba limekauka, kuanzia ncha kuteremka chini. Wengine wakasema ukatwe wote, uwe kuni. Wengine wakamlaumu mama mmoja jirani, eti anamwaga maji ya sabuni pale. Na sisi walimu, tunakubali, tulimsema.

Kwanza tulingoja. Mjakaranda huangusha majani wakati wa kiangazi, kwa hiyo kuwa mtupu si kufa. Mvua iliponyesha, matawi mengine yakachipua, lile moja hapana. Tukakwaruza gome kwa kucha. Ndani pakiwa kijani na majimaji, tawi ni zima. Pakiwa kahawia na pakavu, limekufa. Tukateremka hivyo mpaka karibu na shina, na hapo tukakuta waya umezama ndani ya gome. Kumbe ni waya wetu wenyewe, tulioufunga miaka miwili nyuma kwa kutundika ubao! Tawi linanenepa, waya haunenepi, basi ukalinyonga.

Tulikwenda kwa yule mama kumwomba msamaha. Alicheka, akatuazima msumeno wa mume wake.

Kama kwako kuna mti unaokauka hivyo, fanyeni hivi:

1. Watoto wasikae chini ya tawi kavu. Linaweza kuanguka bila upepo.

2. Kateni kwenye sehemu iliyo hai. Kama tawi lote linatoka, msikate bapa na shina. Acheni ule uvimbe mdogo unaounga tawi na shina, ndio unaofunga kidonda.

3. Tawi zito likatwe kidogo kwa chini kwanza, halafu kwa juu. La sivyo litachana gome la shina likianguka.

4. Futeni msumeno kwa spiriti kabla ya kwenda mti mwingine, msibebe ugonjwa.

5. Msipake oili chafu. Kidonda kikauke chenyewe.

6. Wekeni nyasi kavu kuzunguka mti, lakini zisiguse shina. Maji mengi mara moja kwa juma ni bora kuliko kikombe kila siku.

7. Fungueni kila waya na kamba, hata ya mbuzi na ya kuanikia nguo.

Maji ya sabuni ya unga nayo yamwagwe mbali, maana chumvi yake huumiza mizizi. Lakini safari hii hayakuwa na kosa, na mama yetu pia.

Sasa ubao umesimama juu ya miti miwili ya kuchimbia, na darasa la kwanza bado wako kivulini. Tukutane mwezi ujao.

Walimu wenu wa kujitolea