Tahariri: Visima Vyetu Vimeandikwa kwa Kipimo Gani?



Wapo watakaoshangaa kuona kijarida cha Tume ya Haki na Amani kikitumia ukurasa wake wa kwanza kuzungumzia namna takwimu za visima vya gesi na mafuta zinavyotolewa katika kanzidata na kuingizwa katika programu ya kompyuta. Watasema hiyo ni kazi ya wahandisi, na kwamba padre abaki na altare yake. Tunawaelewa. Hata sisi tulipoanza kulichungulia jambo hili tulidhani ni la wataalamu peke yao. Lakini kadiri tulivyozidi kuuliza, ndivyo tulivyozidi kuona kwamba katika kivuko hicho kidogo, baina ya ghala la takwimu na mashine ya kuzisomea, ndipo inapoamuliwa nchi itaamini kuwa imejaliwa kiasi gani, na ni nani atakayelijua hilo mbele ya wengine.

Yafaa kwanza tukumbushane kwamba hakuna mtu aliyewahi kuiona kwa macho gesi ya Songo Songo ikiwa ndani ya mwamba wake. Kinachojulikana ni kile ambacho vyombo vilipima vilipoteremshwa shimoni kwa waya: mnururisho wa asili wa mwamba, ukinzani wake kwa umeme, uzito wake, mwendo wa sauti ipitayo ndani yake. Vipimo hivyo huchukuliwa mara nyingi kila nusu futi, hata kisima chenye kina cha futi 6,000 kikatoa mistari 12,000 ya tarakimu kwa chombo kimoja tu. Tarakimu hizo, pamoja na jina la kisima, mahali kilipo na mwelekeo wa shimo lake, ndizo zinazowekwa katika kanzidata. Programu huzipokea, ikachora tabaka za mwamba, na mwishowe mtaalamu akasema: hapa pana gesi kiasi hiki.

Sasa nchi yetu ina historia ndefu ya visima hivyo. Katika miaka ya 1950 makampuni ya BP na Shell yalianza kutafuta mafuta katika visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia. Mwaka 1974 kampuni ya AGIP ya Italia iligundua gesi Songo Songo, wilayani Kilwa, na mwaka 1982 ikagunduliwa nyingine katika Ghuba ya Mnazi, Mtwara. Ilitubidi kungoja hadi mwaka 2004 ndipo gesi ya Songo Songo ilipoanza kutumika Dar es Salaam. Tangu mwaka 2010 uchorongaji ukahamia bahari kuu, na jumla ya gesi iliyotangazwa kugunduliwa ikavuka futi za ujazo trilioni 57. Kila kizazi cha wachorongaji kiliacha kumbukumbu zake kwa namna yake: karatasi ndefu zilizokunjwa, kanda za sumaku, na baadaye mafaili ya kompyuta. Wengine walipima kwa futi, wengine kwa mita. Wote hao wameletwa katika nyumba moja, na hawasemi lugha moja.

Hapo ndipo penye hatari. Kina cha kisima hakipimwi kutoka ardhini. Kwa desturi hupimwa kutoka juu ya jukwaa la mtambo wa kuchoronga, ambalo laweza kuwa mita kadhaa juu ya ardhi au juu ya bahari. Kimo hicho kisipohamishwa pamoja na takwimu, mwamba wote husogea. Tena kisima kikiwa kimechorongwa mshazari, urefu wa shimo si sawa na kina chake wima, na programu isiyopewa vipimo vya mwelekeo italichukulia shimo kuwa limenyooka kama mnazi. Ramani nazo zina ugomvi wao: mfumo wa zamani wa kupimia Afrika Mashariki, uitwao Arc 1960, haukubaliani na ule utumiwao na vyombo vya setilaiti, na mtu akichanganya mifumo hiyo miwili huweza kukihamisha kisima kwa zaidi ya mita mia moja bila kukigusa. Halafu kuna kile ambacho kwetu kilikuwa kichekesho mpaka tulipofikiri vizuri. Mahali ambapo chombo hakikupima kitu, wataalamu huandika tarakimu -999.25, ikiwa ni alama ya kusema «hapa hatujui». Programu isipoambiwa hivyo, huihesabu alama hiyo kama kipimo halisi, na kutojua kukageuka kuwa elimu ya uongo.

Sisi mapadre hatuna haki ya kuwacheka wahandisi. Katika parokia moja tunayoifahamu, daftari la ubatizo la miaka mingi liliingizwa katika kompyuta kwa nia njema kabisa. Mashine ilikuwa imezoea tarehe za Kimarekani, zinazotanguliza mwezi. Basi aliyebatizwa tarehe 5 mwezi wa 3 akawa amebatizwa tarehe 3 mwezi wa 5. Yohane, Yohana na John wakawa watu watatu, ilhali walikuwa kijana mmoja aliyetaka kufunga ndoa. Alisumbuka wiki nyingi akiambiwa hayumo. Vivyo hivyo kisima kimoja kilichoandikwa kwa jina kamili mahali pamoja na kwa herufi za mkato mahali pengine huwa visima viwili katika mashine. Tofauti ni kwamba daftari la karatasi lilikuwa bado kabatini, na katekista mzee alilikumbuka. Je, karatasi za visima vyetu vya kwanza nani anazikumbuka?

Maandiko Matakatifu hayakunyamaza juu ya vipimo. Sheria ya Musa ilimkataza mfanyabiashara kubeba mfukoni mawe mawili ya mizani, moja zito na moja jepesi, na nabii Amosi aliwakemea vikali wale waliopunguza kibaba na kuongeza bei. Kosa la futi na mita si lazima liwe wizi. Mara nyingi ni uzembe au haraka. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa kwenye sayari ya Mars kilipotea kwa sababu upande mmoja ulitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na upande wa pili ukazipokea kana kwamba ni za metriki. Wataalamu wale hawakuwa wezi. Lakini katika biashara ya gesi wapo wanaofaidika kosa likielekea upande fulani. Nchi inayodhani ina gesi pungufu kuliko iliyo nayo hukubali mgawo mdogo, na inayodhani ina nyingi kupita kiasi hukopa na kuahidi isichoweza kutimiza. Tusidhani makampuni makubwa yana macho yasiyokosea. Mwaka 2004 kampuni ya Shell ilikiri kwamba karibu asilimia 20 ya akiba iliyokuwa imetangaza kuwa imethibitishwa, yaani mapipa bilioni 3.9, haikustahili kuitwa hivyo. Mwenyekiti wake akaondoka na faini kubwa zikalipwa. Waliougua kwanza walikuwa wenye hisa, nao walikuwa na mahakama na wanasheria wa kuwatetea. Mvuvi wa Kilwa hana hisa.

Hatuwezi kuandika hayo bila kuukumbuka mwaka 2013. Wananchi wa Mtwara waliandamana mwezi wa Januari kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na mwezi wa Mei ghasia zikazuka, mali ikaharibiwa na watu wakapoteza maisha. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Mengi yalisemwa wakati ule juu ya uchochezi na ukaidi, na sisi hatuungi mkono hata jiwe moja lililorushwa. Hata hivyo tunaamini kwamba hasira ile iliota katika udongo wa kutojua. Watu waliambiwa juu ya matrilioni, wasielezwe matrilioni hayo yamejulikanaje, nani ameyahesabu, na nani ameirudia hesabu yake.

Tangu hapo sheria zimetungwa. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 imethibitisha kuwa takwimu za petroli ni mali ya Serikali, na imeunda Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji. Tunazishukuru. Lakini kumiliki kitabu si kujua kukisoma. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake *Centesimus Annus* wa mwaka 1991, alifundisha kwamba katika nyakati zetu kumiliki ujuzi na ufundi kuna uzito usiopungua ule wa kumiliki ardhi. Programu za kusomea visima ni za kigeni, leseni zake ni ghali, na nyingi hulipiwa upya kila mwaka. Siku leseni inapokwisha, kazi iliyofanywa ndani yake huweza kubaki imefungwa kwa namna isiyofunguliwa na programu nyingine. Kijana wetu aliyesomea jiolojia akiachiwa kuchapa tarakimu tu, huku hukumu juu ya tarakimu hizo ikitolewa mbali, basi tumempa mtoto kazi ya karani katika nyumba ya babaye.

Tutaambiwa kwamba takwimu za visima ni siri ya biashara. Kwa kisima kilichochorongwa juzi, hoja hiyo ina haki yake, maana aliyetoa fedha zake kutafuta asichokuwa na hakika nacho astahili muda wa kufaidi jasho lake. Kwa kisima cha miaka arobaini au sitini iliyopita hatuioni. Wala hatudai kila mwanakijiji akabidhiwe mistari 12,000 ya tarakimu. Tunachodai ni kwamba kila uhamishaji uache nyayo: nani aliingiza, lini, kutoka katika karatasi ipi, kwa kipimo gani, na nani mwingine aliyekagua kwa kulinganisha na asili. Karatasi na kanda za zamani zisitupwe kwa kuwa eti zimekwisha kuingia katika mashine. Na nakala itunzwe katika mafaili ya maandishi ya kawaida, yanayosomeka kwa programu yoyote, kama ule mfumo wa wazi uitwao LAS ambao wataalamu wa Kanada waliutoa mwishoni mwa miaka ya 1980 ili watu wabadilishane vipimo vya visima bila kumtegemea muuzaji mmoja.

Kwa kamati za Haki na Amani zilizo katika parokia za Lindi na Mtwara tuna ombi moja. Mnapokaribishwa katika mikutano ambako makadirio ya gesi yanatangazwa, msiridhike na jumla ya mwisho. Simameni kwa heshima, mwulize kina cha kisima kimepimwa kuanzia wapi, kwa futi au kwa mita, na ni nani aliyekagua. Jibu likiwapo, liandikeni katika daftari la kamati pamoja na tarehe, mkitanguliza siku kabla ya mwezi.