Kimbunga na Msumari wa Paa

Kimbunga Andrew kilipoipiga kusini mwa Florida, Marekani, Agosti 1992, nyumba zaidi ya 25,000 ziliangamia. Kuulaumu upepo peke yake ni kukwepa ukweli. Kanuni za ujenzi za eneo hilo zilihesabiwa miongoni mwa zilizo kali zaidi nchini humo. Walakini katika vifusi yalionekana mapaa ambayo misumari yake haikugusa pau, na mengine yaliyoshikizwa kwa pini tu. Fundi aliharakisha, mkaguzi naye akapitisha. Paa likishang'oka, mvua huingia, kuta hukosa mshikizo, na nyumba nzima huenda.

Kanuni mpya za jimbo zima zilianza kutumika mwaka 2002. Kimbunga Charley cha 2004 kilizijaribu: nyumba zilizozifuata ziliumia kidogo kuliko zile za awali. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kaskazini-magharibi ilisamehewa hadi 2007 sharti la kukinga madirisha dhidi ya vitu virushwavyo na upepo, eti kwa sababu ya gharama. Mwaka 2018 Kimbunga Michael kikatua huko huko. Je, msamaha ule ulimfaa mnunuzi wa nyumba, au aliyemjengea na kumwuzia?