Mtoroshaji Ni Nani?

Kila msimu wa kahawa picha ni ile ile: magunia yamepangwa mbele ya kituo cha polisi, ofisa anayanyooshea kidole, na kando amesimama mnyonge na baiskeli yake, naye ndiye anayeitwa mtoroshaji. Sisi wa magazeti huichapa picha hiyo bila kuuliza mwenye kahawa alilipwa lini mara ya mwisho.

Ziko Isingiro mbili. Moja ni kata ya Wilaya ya Kyerwa; ya pili ni wilaya ya Uganda, ng'ambo ya Mto Kagera, na watu wake husikilizana lugha. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 2010. Umeme wa Kikagati na Murongo nchi zote mbili hugawana, wala hakuna anayeuita magendo. Kahawa ya maganda ikivuka maji hayo hayo, ni jinai.

Hatutetei magendo. Kahawa ikikobolewa hapa, ajira na ushuru hubaki hapa. Lakini mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, mkulima akakabidhiwa kwa mamlaka ya zao. Sheria ya mwaka 1982 ikaurudisha ushirika. Mwaka 1983, uhujumu uchumi ukatungiwa sheria yake kali. Mkulima alibadilishiwa bwana mara nyingi kuliko alivyoongezewa bei. Ndipo butura ikanawiri: kahawa huuzwa ingali ua, kwa bei ya kutupa, maana karo ya mtoto haingoji malipo ya pili. Huyo mlanguzi anayenunua maua, picha yake imetoka gazetini mara ngapi?

Wenzetu wa Unguja na Pemba hawahitaji kufasiriwa habari hii. Karafuu yao ililindwa kwa boti za KMKM, na wakati mmoja hata kwa adhabu ya kifo, nayo ikazidi kufika Mombasa. Bei ilipopandishwa sana mwaka 2011, magendo yakapungua. Bahari haikuwa imepanuka.

Basi kabla ya kupeleka askari wengine Murongo, wakubwa watuonyeshe daftari: kahawa ilipimwa na nani, siku gani, na fedha ilimfikia mwenyewe siku gani. Wakilitoa, tutalichapa ukurasa wa mbele, mahali pale pale tulipozoea kumweka mwenye baiskeli.